Mteja Ameshaondoka

Binti wa dada yangu yuko Dar es Salaam, anamalizia mwaka wa mazoezi ya kazi baada ya shahada ya famasi. Mbele yake kuna mtihani wa Baraza la Famasi. Jioni hunipigia simu: "Mama mdogo, shikamoo. Niulize." Ananiomba mimi, mtoa dawa wa Mbamba Bay, niliyekaa darasani mwezi na ushee tu! Anasema akisoma kimyakimya anaelewa kila kitu, akitakiwa kujibu kwa mdomo ulimi unakuwa mzito. Ugonjwa huo naufahamu.

Nilianzia katika duka la mjomba, duka la dawa baridi lililotazama ziwa. Sheria ilituruhusu dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Chini ya kaunta, hata hivyo, kulikuwa na kopo. Mvuvi alikuja bado ana magamba ya mbasa mikononi, akasema, "Nipe rangi mbili nne." Nilihesabu kapsuli nne za antibiotiki kiganjani, nikazifunga kwenye karatasi ya daftari la shule, nikamwambia, "Moja kutwa mara tatu." Kesho yake asubuhi zimekwisha. Anaumwa nani, anaumwa nini, sikuuliza. Na nilikuwa muuguzi msaidizi, si kwamba sikujua. Nilijua, nikahesabu.

Mwaka 2003 mkoa wetu wa Ruvuma ukawa wa kwanza nchini kujaribu mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Ulisimamiwa na TFDA, mamlaka ya chakula na dawa iliyoanzishwa mwaka huohuo, ikisaidiwa na shirika la MSH la Marekani kwa fedha za mfuko wa Bill Gates na mkewe wa wakati huo. Masharti yalieleweka hata kwa mjomba, ambaye hapendi masharti: karabati duka, weka rejista, mtoa dawa wako asome na afaulu, kisha utaruhusiwa kuuza hadharani baadhi ya dawa za cheti, zikiwamo antibiotiki. Mjomba aliona biashara. Mimi niliona mtihani.

Nilipanda Mbinga kusoma. Leo barabara ni lami, kilomita 66. Wakati ule ilikuwa vumbi na kona, unafika kichwa chekundu. Nilifikia kwa shangazi aliyeolewa na Mmatengo. Mtu wa ziwani baridi ya kule milimani humwingia mpaka kwenye meno, kwa hiyo jioni nilijisomea jikoni, karibu na moto, shangazi akichambua kahawa kwenye ungo. Nilimwomba awe mgonjwa wangu.

"Mtoto anaharisha," akaanza, bila kuinua macho.

Nikatiririka: pakiti moja ya ORS, lita moja ya maji safi na salama, koroga, mpe kidogokidogo.

"Lita mimi naijuaje?"

Nikakwama. Daftari langu lote lilikuwa na neno lita, wala halikuwa na chombo. Nikafikiri, nikasema: chupa mbili za bia. Shangazi akacheka mpaka kahawa zikamwagika. "Hizo ninazo. Mume wangu hazikosi."

Kuanzia usiku ule nilifuta nusu ya maneno ya daftari nikaandika ya jikoni. Nilidhani nimeiva.

Darasani tulifanya maigizo, mmoja mteja, mmoja mtoa dawa. Zamu yangu ilipofika, mkufunzi mwenyewe alijifanya baba mwenye haraka anayetaka rangi mbili za mtoto mwenye kikohozi. Nikasimama wima nikataja dalili za hatari zote kwa mpangilio: hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, amelegea hana fahamu. Sikukosea hata moja. Nilipomaliza niliona kiti kitupu. Mkufunzi alikuwa mlangoni. "Endelea," akasema, "ila mteja wako ameshaondoka." Darasa zima lilicheka, nami nikacheka kwa aibu. Hakuwa amejua hata kwamba namuuliza jambo.

Nilifaulu. Mtihani wa mwisho siukumbuki sana. Ninachokumbuka ni kile kiti.

Ila majibu yaliyonifaulisha, kama dawa, yalikuwa na tarehe ya kuisha. Utotoni klorokwini ilikuwa nne, nne, mbili, na muwasho wa kujikuna ukutani. Mwaka 2001 serikali iliiacha, ikaingia SP, ambayo wengi waliita Fansida: mtu mzima vidonge vitatu kwa mkupuo. Hilo ndilo nililokariri kwa shangazi. Mwaka 2006 ikaja dawa mseto, vidonge vinne asubuhi na jioni kwa siku tatu, jumla 24. Wazee wa pwani yetu walinikatalia: vitatu viliponya, leo 24 vya nini? Nilitoa hesabu, nikatoa maelezo, wengine walinywa mpaka homa ikashuka wakaacha vilivyobaki kwenye kabati. Sasa hata mseto hautolewi kwa kukisia, kwanza kipimo. Ningepeleka majibu yangu ya zamani mtihanini leo, ningefeli malaria nzima. Ofisi nazo zimebadilika: Baraza la Famasi sasa linaongozwa na sheria ya 2011, TFDA ikawa TMDA mwaka 2019, na sisi wa ziwani tumetoka wilaya ya Mbinga tukawa wilaya ya Nyasa.

Juzi binti alipopiga nilikuwa na orodha ya maswali aliyonitumia, ya figo na ini na majina marefu yanayonishinda kutamka. Nikaiweka kando. Nikabadilisha sauti, nikawa mvuvi.

"Dada, nipe rangi mbili nne, upesi, mtumbwi unanisubiri."

Upande wa pili kimya. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Dada, naondoka."

"Subiri, baba," akasema. "Anayeumwa ni nani?"

"Mtoto."

"Ana umri gani?"

Nikamwambia miaka miwili. Akaniuliza kama anakula.