Gitaa la marehemu: tufute alama zipi, tuache zipi?

Marehemu akishazikwa na arobaini ikapita, ndugu hukaa kugawana vitu vyake. Suti huenda kwa kaka, saa kwa mtoto mkubwa, viatu kwa yule ambaye vitamtosha. Lakini kuna vitu ambavyo hakuna anayevigombea, na mara nyingi hivyo ndivyo hubaki na mjane. Kwetu kilibaki gitaa.

Ni gitaa la kawaida la mbao, la nyuzi 6. Mume wangu alilinunua mkononi kwa mwanamuziki mmoja kabla hatujaoana. Alilipiga kwenye harusi za jamaa, kanisani na barazani kwetu Jumapili jioni. Alipofariki lilipanda juu ya kabati, likakaa huko miaka 3.

Mwaka huu kijana wetu, mwenye miaka 15, alilishusha. Akalifuta vumbi, akaligeuza huku na huku, kisha akasema, “Mama, limechakaa sana. Nataka nilipeleke kwa wapiga rangi wa magari, walipige nyeusi, ling’ae.”

Sikumkatalia. Mtoto wa umri huo ukimkatalia kitu cha baba yake, anaweza kusikia kwamba umemkatalia baba mwenyewe. Nilimwambia, “Sawa baba, ila tuanzie kwa fundi.”

Fundi wetu anatengeneza samani Keko, na Jumapili hupiga gitaa la besi kwenye kwaya. Alilipokea kwa mikono miwili, akagonga tumbo lake kwa kidole, likaitika. “Umesikia, kijana? Ubao huu wa mbele una unene wa milimita 3 hivi. Nyuzi zikipigwa unatetemeka, na mtetemo huo ndio sauti. Ukiurundikia rangi ya gari ni kama umeuvisha koti. Litang’aa, lakini halitalia kama lilivyokuwa likilia kwa baba yako.”

Hapo kijana alinyamaza. Habari ya rangi nyeusi ikaishia hapo hapo.

Fundi alitueleza kwamba kabla ya kugusa chochote lazima ujue gitaa limepakwa nini. Alichukua pamba ya masikio, akaichovya kwenye spiriti, akagusa sehemu ndogo iliyojificha. Yapo magitaa yaliyopakwa sheleki, na hayo yakiguswa na spiriti huanza kunata. Mengine yana laka, ambayo haisumbuliwi sana na spiriti lakini hulainika kwa thina. Magitaa mengi ya kiwandani ya siku hizi yana tabaka gumu la plastiki ambalo havilidhuru kirahisi. Letu lilikuwa la aina hiyo ya mwisho. “Hili mnaweza kulitengeneza nyumbani,” alisema. “Lingekuwa la sheleki au laka, ningewaambia mniachie.” Mzazi mwenzangu, jaribio hilo mwachie fundi. Spiriti na thina si vitu vya kuchezewa na watoto.

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi mbili, mezani, blanketi kuukuu likiwa chini na madirisha yakiwa wazi. Kwanza kijana alilegeza nyuzi zote kidogo kidogo, ndipo akazitoa. Akafuta mwili mzima kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kikakamuliwa hadi kikawa na unyevu tu. Alikikwepesha na lile tundu la sauti na penye nyufa, kwa sababu mbao ikinywa maji huvimba. Kila alipofuta, alikausha papo hapo. Kitambaa kilitoka cheusi. Nusu ya ule “uchakavu” ulikuwa jasho na vumbi la miaka.

Baada ya hapo zikaonekana alama za kweli. Fundi alitupa kipimo rahisi: pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, mkwaruzo uko juu juu na utaondoka kwa kusugua. Ukucha ukikwama, ni shimo, na shimo linajazwa.

Kwenye ukingo wa chini palikuwa na pengo lililobanduka, kubwa kama punje ya mahindi. Hilo tulilijaza kwa supagluu isiyo na rangi, tone jembamba, likauke, kisha jingine, mpaka gundi ikapanda kidogo juu ya usawa. Gundi niliishika mimi, kwa sababu hukamata vidole na ni hatari machoni. Tukaiacha hadi Jumamosi iliyofuata.

Siku hiyo kijana alizungushia pengo selotepu ya karatasi, akakunja msasa wa maji kwenye kipande cha raba, akasugua taratibu: namba 1000, kisha 1500, kisha 2000. Alikuwa akisimama kila mara kuangalia, maana lile tabaka ni jembamba sana na kwenye kingo hutoboka upesi. Pakabaki na ukungu mweupe. Ukungu huo aliuondoa kwa kompaundi, ile dawa nzito ya wasugua magari, akitumia kipande cha fulana ya pamba. Polishi ya mwisho tuliichagua isiyo na silikoni. Silikoni ikipenya kwenye ufa, vanishi ya baadaye hukataa kushika mahali hapo.

Alipofika kwenye kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapofungwa, kijana alisimama. Palikuwa na kidoa cheusi cha kuungua, kirefu kama kucha. “Mama, hapa pameunguzwa na nini?”

Siku hiyo wifi yangu alikuwa amekuja kutusalimia. Alinikonyeza. Kisha akajibu yeye, “Mshumaa huo, umeme ulikatika.”

Nilijua si mshumaa. Wapiga gitaa wengi wanaovuta sigara huichomeka kwenye ncha za nyuzi pale kichwani ili mikono ibaki huru. Mume wangu alifanya hivyo ujanani, siku moja akanogewa na wimbo, sigara ikafika kwenye mbao. Kijana wangu hakuwahi kumwona baba yake akivuta. Na tangu msiba, kila mtu humsimulia baba mcha Mungu, mpole, asiye na doa.

Nilimwambia ukweli. “Ni sigara, mwanangu. Baba yako alikuwa akivuta.”

Alinitazama muda mrefu. “Aliachaje?”

Nikamsimulia kwamba aliacha yeye alipozaliwa na kifua cha kusumbua. Alishindwa mara mbili, mara ya tatu akaweza. Usiku hamu ilipombana alichukua gitaa ili mikono yake iwe na kazi. Nyimbo nyingi ambazo kijana anazikumbuka zilipigwa katika usiku wa namna hiyo.

Wifi hakufurahi. Anaamini marehemu hasemwi kwa mabaya, na mpaka leo hatujakubaliana. Ninamwelewa, ni kaka yake. Lakini mwanangu yuko kwenye umri ambao wenzake watamnyooshea sigara. Baba aliyeivuta, akaanguka, akainuka na kuishinda atamsaidia kuliko baba wa kwenye fremu ambaye hakuwahi kujaribiwa.

Kile kidoa kingeweza kukwanguliwa na kujazwa. Kijana alikikatia selotepu, akakifunika ili kompaundi isikiguse. Vilevile aliacha pale juu ubavuni, ambapo mkono wa baba yake ulikuwa ukilala na mng’ao wote umelika. Baadaye akanionyesha kwenye simu gitaa la Willie Nelson, mwanamuziki wa Marekani. Alilinunua mwaka 1969 na kulipiga mpaka ubao wa mbele ukatoboka, na hakulibadilisha. Tukaona pia kwamba kampuni ya Fender huuza magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi ili yaonekane ya zamani. Kijana alicheka sana. “Watu wananunua uchakavu, mama, na mimi nilitaka kuulipia uondoke!”

Gitaa sasa linang’aa, ingawa haliwezi kudhaniwa jipya. Ukilipeleka dirishani, lile pengo unaliona kama mstari mwembamba tu, na nguo haikwami tena hapo. Akimaliza kupiga, kijana hufuta nyuzi na mwili kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho ndilo adui wa kwanza wa nyuzi na mng’ao.

Mzazi mwenzangu, kama kwako kuna kitu kama hicho, cherehani ya mama au redio ya babu, usikimbilie kukipaka rangi, wala usikifungie kabatini kama kaburi. Kaa na mtoto, mkipitie alama kwa alama. Ulio uchafu ufutwe. Palipovunjika pazibwe pasiendelee kuharibika. Palipolika kwa kutumiwa, mwambie nani alipatumia na kwa namna gani, kisha mwache aamue. Na akiuliza swali ambalo hukulitarajia, kumbuka kwamba mikono yake ina kazi na macho yake yako kwenye kitambaa. Ni wakati mzuri wa kumjibu kweli.

Mdogo wake ana miaka 7. Juzi alikuwa akipitisha kidole kwenye kile kidoa cha kichwani. Hajauliza bado. Siku akiuliza, kaka yake ameniomba nimwachie yeye ajibu.