Bahari ya Lita Mia Moja

Aliyezaliwa kisiwani hajui kwamba bahari ina sauti mpaka siku atakapoikosa. Mimi niliikosa Maposeni, jirani na Peramiho, wilayani Songea, nilikokwenda kusomesha. Mchana niliusikia upepo katika mahindi. Usiku ulikuwa kimya, na kimya hicho kikininyima usingizi. Mwaka wa pili nikakata shauri: maadamu siwezi kwenda baharini kila nitakapo, bahari na ije kwangu.

Nilinunua hodhi la kioo la lita 100 Dar es Salaam, nikalipakia basini kwa safari ya zaidi ya kilomita 900. Jirani yangu, mzee wa Kingoni, alilitazama likishushwa, akasema: “Mwalimu, Ziwa Nyasa liko hapo magharibi yetu. Samaki wake wa rangi husafirishwa hadi Ulaya wakafugwe katika vioo kama hiki chako. Wewe wako unawafuata pwani?”

Alisema kweli. Mbuna wa Nyasa hupamba kumbi nyingi za ugenini, na maji yao hayahitaji chumvi. Nilimwitikia kwa adabu, ila nilichokitamani ilikuwa harufu ya kwetu.

Chumvi ya jikoni haifai kazi hii, kwani maji ya bahari yamebeba pia magnesi, kalsi na madini mengine mengi. Nilitumia chumvi iliyotengenezwa kwa hodhi za namna hii, takriban gramu 35 kwa kila lita. Nikapanga mawe ya matumbawe yaliyokufa zamani. Matumbawe hai sikuthubutu kuyang’oa mwambani. Kisha nikangoja wiki sita, mpaka vijidudu visivyoonekana viliposhika makazi katika mawe, maana ndivyo viigeuzavyo sumu ya kinyesi cha samaki kuwa kitu kisichodhuru sana. Ndipo nikawaleta samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe.

Kila jioni maji yalipungua kwa mvuke, na chumvi ikabaki. Kwa hiyo niliongeza maji ya mvua. Mzee alinikuta siku moja na kikombe mkononi, akacheka: “Kumbe bahari nayo hunywa maji matamu!”

Usiku mmoja wa Julai, baridi ikiwa kali, umeme ulikatika. Pampu ikanyamaza, maji yakatulia, na samaki wakapanda juu wakitwetea. Nilichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa, nikachota tena, nikamwaga tena. Mzee aliona mwanga wa taa yangu, akaja amejifunga blanketi. Hakuuliza neno. Alipokea kikombe mkono wangu ulipochoka, nami nikakipokea wake ulipochoka. Kulipopambazuka samaki mmoja alikuwa amekufa.

Mzee aliketi, akaniuliza: “Huko kwenu, mwalimu, kazi hii hufanywa na nani?”

“Mawimbi,” nikasema.

“Usiku kucha?”

“Usiku kucha, mzee.”

Akatikisa kichwa kwa mastaajabu, nami nikaona haya. Miaka yote niliyoishi pwani sikuwahi kuyahesabu mawimbi kuwa ni kazi.

Likizo iliyofuata nilirudi Unguja, nikaenda Chumbe, ambako mwamba umehifadhiwa tangu miaka ya 1990, na wavuvi wa zamani wakafundishwa kuwa walinzi wake. Niliinamisha uso majini, na kila nilichokiona nilikitazama kama mtu aliyewahi kulipia gharama zake. Nilikumbuka mwaka 1998, joto lilipopanda katika Bahari ya Hindi na matumbawe mengi ya mwambao wetu yakageuka meupe. Joto likizidi kipimo chake cha kawaida kwa digrii moja tu, wiki kadhaa mfululizo, matumbawe huvifukuza vijimwani vinavyoyalisha, na yasipovipata tena huweza kufa kwa njaa. Mlinzi aweza kumzuia mwenye nyavu. Joto hana la kulifanya.

Samaki aliyebaki yu hai bado. Nikisafiri, mzee ndiye amwangaliaye. Nikirudi huniarifu, kabla hata ya habari za nyumbani kwake, maji yalishuka vidole vingapi, na yeye aliongeza vikombe vingapi.