Habari ya Msiba, Kutoka Redioni Hadi Kwenye Simu

Matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam yalisikilizwa kwa utulivu mkubwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 redio ya betri ya nyumba moja ilikuwa ya majirani wote, na saa ya matangazo ilipowadia hata watoto walinyamazishwa. Mtangazaji alitaja jina la marehemu na mahali pa maziko, kisha ndugu ambao habari zilipaswa kuwafikia popote walipo: huyu Tanga, yule Mbeya, wengine Mwanza. Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito, maana ukoo mzima ulisomwa hadharani, na asiyetajwa alijiona ametupwa.

Wengine walipelekewa simu ya maandishi, yaani telegramu, kupitia posta. Malipo yalikuwa kwa neno, hivyo ujumbe ulikuwa mfupi na mkavu. Mara nyingi ulipofika, maziko yalikuwa yamekwisha.

Mwaka 2008 M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Tanzania, na mwaka uliofuata mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam. Simu janja zilipoenea, koo nyingi zikaunda makundi ya WhatsApp. Siku hizi habari huwafikia walioko Dodoma, Muscat na London kwa wakati mmoja. Mweka hazina wa kundi huandika majina ya waliochanga, na aliye ughaibuni hushiriki kununua sanda au jeneza siku hiyohiyo. Faida hii ni kubwa, na waliozikiwa mzazi wao bila wao kujua wanaitambua thamani yake.

Hasara nayo si ndogo. Zamani habari nzito ilibebwa na wazee wawili watatu, wakasalimia, wakamketisha mfiwa, ndipo wakasema. Sasa mjane anaweza kukutana na picha ya mumewe aliyefariki kwenye simu, akiwa peke yake sokoni au ndani ya daladala. Kuhani pia kumepungua: wapo wanaoandika "Pole" na kuona wamemaliza, ilhali mfiwa anahitaji mtu wa kuketi naye jamvini.

Makundi yabaki, na michango iendelee. Lakini wasimamizi wake wasiruhusu tangazo la kifo kabla mjane au mgane, watoto na wazazi wa marehemu hawajaambiwa na mtu wao wa karibu, na picha za maiti zisiwekwe kabisa.