Kipigo Kiliisha, Hofu Ikabaki

Nilipotoka kwenye ile ndoa watu walinipongeza, nami nikaamini yameisha. Nikapanga chumba Mbagala, nikaendelea na cherehani yangu. Usingizi ndio uligoma kuja.

Kuna siku alikuja mama mmoja kupimwa gauni la kitenge. Nikamwambia ainue mkono nipime kwapa. Alipouinua tu, nilijikunyata, nikaziba uso kwa mikono miwili, futi ikaanguka chini. Mama wa watu akaduwaa. Nikasingizia kizunguzungu.

Kichwa kiligonga, tumbo likawaka, na bodaboda ikisimama nje moyo ulinienda mbio, maana mume wangu alikuwa akirudi kwa bodaboda. Nikapimwa malaria, nikapimwa vidonda vya tumbo, nikarudi na dawa za maumivu. Shangazi akasema ni majini. Enzi za kipigo niliwahi kuandikiwa fomu ya polisi, PF3, kwa bega lililoteguka, na bega lilipona. Ila maneno ya mume wangu, kwamba sina akili, kwamba hakuna mwingine atakayenitaka, nilikuwa nikijiambia mwenyewe nikifua, nikipika, nikikata kitambaa. Kuna usiku nilitamani nisiamke. Nasema haya wazi kwa sababu najua wapo dada zangu wanaotamani hivyo hivyo na wanaambiwa wavumilie.

Muuguzi mmoja ndiye aliyefunga mlango akaniuliza, "Dada, kuna mtu aliwahi kukupiga?" Nililia mpaka kanga ikalowa.

Akanielekeza Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii unawakuta mahali pamoja, huhitaji kuzungushwa ukisimulia aibu yako kila dirisha. Pale niliambiwa nina sonona, na ile hofu nayo ni ugonjwa unaotibika. Sikuwa peke yangu: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili na wenzi wao hupata sonona karibu mara mbili ya wengine. Afisa ustawi akanisomea pia kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachosema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Nimezaliwa sheria ipo, nimeolewa ipo, na hakuna aliyewahi kunitajia, si kwenye unyago wala kwenye vikao vya usuluhishi.

Dawa zilinirudishia usingizi. Kuzungumza na mshauri kulichukua muda mrefu zaidi, na kuna siku nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Lakini leo mteja akiinua mkono, napima.

Sasa nampeleka na binti yangu kwa mshauri. Hakuwahi kupigwa, ila alikuwa chumba cha pili akisikia kila kitu, na mpaka leo mtu akipaza sauti anajificha chini ya meza.