Kukata Katikati

Kompyuta ninayotumia hapa Mazingara ni ya mtumba. Nilipoweka toleo jipya la Linux, waifai ikafa. Nikirudisha la zamani, inafufuka. Ningeweza kubaki na la zamani, lakini viraka vya usalama vingekoma siku moja.

Kati ya matoleo mawili ya kiini cha Linux kwa kawaida huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000. Ukiyapima moja moja utazeeka. Linus Torvalds alianzisha Git mwaka 2005, na mwaka huohuo ikapata amri ya bisect. Unaitajia toleo zima na toleo bovu, inakupa la katikati. Unalijenga, unaliwasha, unajibu: zima au bovu. Nusu nzima inatupwa. Mabadiliko 16,000 huisha kwa hatua 14 hivi. Fundi bomba akiambiwa maji hayafiki naye hafukui bomba lote. Hupima katikati kwanza.

Kila hatua ilinila saa kadhaa, na umeme ukakatika mara mbili. Mwishowe likabaki badiliko moja, mistari michache, na jina la mwandishi wake. Nikamwandikia. Hakuwa na kifaa kama changu, hivyo asingeliona kosa lile kamwe. Akanitumia kiraka, nikakijaribu, waifai ikarudi.

Sikuandika hata mstari mmoja wa kodi. Nilichotoa ni subira na mashine kuukuu. Mashine za namna hiyo ziko kwetu kwa wingi. Makosa yake tusipoyasaka sisi, nani atayaona?