Kompyuta na Adabu ya Kupiga Simu

Haja na njia ya kuitimiza mara nyingine hukaa ng'ambo mbili za mto mmoja. Ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya 1990 kwa mtu aliyetaka kuiunga kompyuta ya nyumbani na intaneti kwa waya wa simu, ikiwa kompyuta hiyo iliendeshwa na Linux, mfumo wenye sura ya Unix ulioanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991. Msaada aliouhitaji ulijaa tele katika intaneti, na intaneti ndiyo aliyokuwa hajaifikia. Alibaki na miongozo iliyokuja pamoja na mfumo, na subira yake.

Balaa la kwanza lilikuwa modemu, chombo kinachogeuza tarakimu kuwa sauti ziwezazo kupita katika simu. Modemu nyingi za bei ndogo za mwisho wa miaka ile zilikuwa nusu modemu, maana sehemu kubwa ya kazi yake iliachiwa programu ya Windows. Mtumiaji wa Linux aliyeinunua aliuziwa mdomo usio na ulimi. Mwuzaji hakusema uongo. Alinyamaza tu, na kimya chake kiligharimu fedha za watu.

Modemu kamili nayo ilitaka kutajwa kwa jina la tundu lake. Tundu la kwanza liliitwa ttyS0 na la pili ttyS1, kwa kuwa hesabu ya mfumo huanza na sifuri. Aliyelisahau hilo alikesha akibisha mlango wa jirani.

Lakini uzuri wa kazi yote ulikuwa katika faili dogo lililosomwa na programu iitwayo chat. Maneno yake yalipangwa mawili mawili, moja la kungojwa na moja la kutamkwa. Modemu iliamshwa kwa herufi AT. Ilipojibu OK ilipewa ATDT na namba ya simu, kisha ikangojwa iseme CONNECT. Hapo seva ya ng'ambo iliuliza jina la mgeni. Faili halikungoja neno "login", bali "ogin". Seva moja iliandika neno hilo kwa herufi kubwa mwanzoni, nyingine kwa ndogo. Basi mgeni asiyejua desturi ya mwenyeji aliiacha herufi ya kwanza ipite, akazisikiliza zilizosalia. Ni nadra kuona unyenyekevu wa namna hii katika maagizo ya mashine.

Baada ya neno la siri, programu ya pppd ilishika kazi, pande mbili zikapatana masharti, na kompyuta ikapewa anwani ya namba. Hata hivyo wengi walishangilia mapema: seva zilifikika kwa namba tu, wala si kwa majina, mpaka anwani ya seva ya majina iandikwe katika faili la resolv.conf.

Makosa hayo hayakuwa bure. Uingereza, kwa sehemu kubwa ya miaka ile, hata simu ya mtaani ilitozwa kwa muda, na kwa modemu ya biti 28,800 kwa sekunde, mzigo wa diski moja ya megabaiti 1.44 ulichukua karibu dakika 7. Muda wote huo simu ya nyumba ilikuwa imeshikwa, na jamaa aliyepiga kutoka mbali hakupata mtu. Na mtoto akiinua mkono wa simu katika chumba cha pili, aghalabu mazungumzo yalikatika, nayo modemu ikaamshwa upya kwa AT.