Uliza Kovu Lako



Nayaandika haya kwa uzito, kwani mambo ya uzazi kwetu pwani husemwa chumbani, tena kwa sauti ya chini. Lakini nimekumbuka kuwa Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Ikiwa wao haikuwazuia kumwuliza Mtume (S.A.W.) habari za twahara, basi haiwezi kuwa udhuru kwangu kunyamazia jambo linaloweza kumwua mama na mwana kwa saa moja.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na wote watatu nimepasuliwa. Wa kwanza, mwaka 2009, alitanguliza makalio. Wa pili, mwaka 2013, nilikaa na uchungu usiku kucha na mchana wake, njia ikafunguka kisha ikasita, mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka, nikakimbizwa chumba cha upasuaji. Habari yangu leo ni ya yule wa tatu, wa mwaka 2018, kwani ni kwake yeye nilipotakiwa kuamua: je, nijaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, au nipasuliwe tena?

Sisi ni watu wa kisiwa cha Pate. Kwetu, safari ya kwenda kupasuliwa ilikuwa ni kupanda chombo kwenda Lamu, na chombo hupita mkondo wa Mkanda, katikati ya mikoko, ambao hupitika vyema maji yakijaa. Maji yakitoka, mwenye mzigo wa nazi hungoja, na mwenye uchungu hungoja pia. Naomba ulikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa kheri, akinipenda kama mwanawe. Aliniambia, "Kisu kimekuzoea, mwanangu. Safari hii jikaze kidogo, utazaa kama wenzio." Nami, kusema kweli, nilitamani hayo kuliko yeye. Nilikuwa nimechoka kusikia harusini na hitimani wakinong'ona, "Huyu hakuzaa, alizalishwa." Tena nilitaka watoto sita, na nilikwisha kusikia kuwa kila upasuaji hupunguza idadi. Basi tukaafikiana, mimi na yeye, kuwa siku zikikaribia nisivuke. Uchungu ukinishika tutasema umenijia ghafla, na mume wangu atakuta mtoto amekwisha kuzaliwa.

Hilo ndilo kosa langu, ndugu msomaji, nami silifichi. La kuzidi hilo, niliswali istikhara, nikaona moyo umetulia, nikasema: hii ndiyo ishara. Ishara gani? Nilikuwa nimekwisha kuamua kabla ya kutandika msala. Mashekhe wetu hutufunza kuwa istikhara huandamana na kutaka ushauri kwa wenye kujua. Mimi sikuwa nimemwuliza yeyote mwenye kujua. Nilichokwenda kuomba ni muhuri tu wa jambo nililolitaka.

Aliyenizindua hakuwa daktari. Alikuwa bibi mkunga, yule yule tuliyemtegemea. Alikuja nyumbani jioni moja, akanipapasa tumbo kwa mafuta ya nazi, akakaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kovu la nje naliona. La ndani likoje?"

Nikamwambia sijui, bila shaka ni kama la nje.

Akatikisa kichwa. "Mimi nazalisha tangu mama yako hajaolewa. Mtoto akikaa vibaya, mkono wangu huniambia. Lakini mshono wa ndani mkono haufiki. Kaulize nani alikushona, na alikushona vipi. Hujajua hayo, mimi sikushiki."

Usiku ule nilimweleza mume wangu yote, hata ile siri yangu na mama yake. Alinyamaza mpaka nikaogopa. Kisha akauliza neno moja tu, "Kesho maji yanajaa saa ngapi?"

Huko Lamu tulimkuta daktari mwenye subira. Alitueleza mambo ambayo, baada ya kupasuliwa mara mbili, sikuwahi kuyasikia, nami nakupa wewe msomaji kama nilivyopewa, pamoja na niliyojifunza baadaye.

Kovu la ngozini na kovu la fuko la uzazi ni makovu mawili mbalimbali. Ngozi yaweza kuwa imekatwa kwa upana, chini ya kitovu, kumbe ndani fuko limekatwa kwenda juu. Zamani fuko lilikuwa likikatwa kwa kusimama, kwenye sehemu yake nene ya juu, ambayo ndiyo inayojikaza wakati wa uchungu. Kovu la hapo huelekea kufumuka. Ndiyo maana mwaka 1916 daktari mmoja wa New York, Edwin Cragin, alitoa kauli iliyoshika dunia nzima, kuwa aliyepasuliwa mara moja hana budi kupasuliwa kila mara. Kisha kuanzia miaka ya 1920, kwa juhudi za John Munro Kerr wa Glasgow na wenzake, ukaenea mkato wa chini, wa upana, mahali ambapo fuko ni jembamba na halijikazi sana. Kovu hilo ni imara zaidi, na kwa sababu yake ile kauli ya zamani haikubaki kuwa kanuni ya watu wote.

Mwanamke aliyepasuliwa mara moja kwa mkato huu wa chini, na hana kizuizi kingine, akijaribu kuzaa kwa njia ya kawaida katika hospitali inayofaa, hufaulu kiasi cha 72 hadi 75 katika kila 100. Kovu kufumuka hutokea kwa takriban mmoja katika kila 200. Aliyepasuliwa mara mbili kwa mkato huo huo, naye wapo madaktari wanaomkubalia kujaribu. Kufaulu kwake si mbali na huko, lakini hatari ya kufumuka huzidi, ikawa kama mmoja na nusu hivi katika 100. Ama mwenye mkato wa kusimama, wametajwa wanne hadi tisa katika 100, na huyo hushauriwa asiingie uchungu kabisa.

Hesabu ya kufumuka ni ndogo, lakini likitokea, damu humwagika ndani, na mtoto hukosa hewa. Watu wana dakika za kumwokoa, hawana masaa. Sasa rejea kule kwenye mkondo wa Mkanda, ufikirie maji yametoka.

Wala upasuaji nao usidhani ni njia ya mkato isiyo na gharama. Kila kovu jipya huongeza hatari kwa mimba ijayo. Viungo vya ndani hushikamana. Kubwa zaidi ni kondo la nyuma: likikaa chini, kwenye mlango wa uzazi, laweza kuota ndani ya kovu lisiweze kubanduka, na mama hutokwa na damu mpaka pengine huondolewa kizazi. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2006 ulionyesha kuwa, kwa wale ambao kondo limekaa chini hivyo, lilikuwa limeota kovuni kwa 3 katika 100 kwenye upasuaji wa kwanza, 11 kwenye wa pili, na 40 kwenye wa tatu. Basi mwanamke anayetaka watoto wengi ana haki ya kuitamani njia ya kawaida, na tamaa yake hiyo isiitwe ukaidi.

"Kwa hivyo," daktari akasema, "siwezi kukushauri mpaka nijue ndani ulikatwa vipi. Karatasi ziko wapi?"

Karatasi nilizokuwa nazo zilisema nimepasuliwa, na kwamba mama na mtoto hawajambo. Basi. Upasuaji wa pili nilifanyiwa katika hospitali moja ya mjini, na jina lake si neno. Mume wangu alisafiri mara tatu. Mara ya kwanza mwenye funguo za majalada hakuwapo. Mara ya pili aliambiwa majalada ya mwaka 2013 yamehamishiwa ghalani. Mara ya tatu alivua koti, akaketi chini na karani, wakafungua makasha mpaka adhana ya Alasiri, wakaliona.

Ndani yake mlikuwa na mistari michache ya mkono. Mkato ulianza chini, kwa upana. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimekwama, hakikutoka, ikabidi mkato uongezwe kwenda juu, ukawa kama herufi T iliyopinduliwa. Na mwisho wake aliyenipasua alikuwa ameandika kuwa mwanamke huyu asiachwe akaingia uchungu tena.

Miaka mitano maneno hayo yalikuwa yameandikwa, na mimi mwenye tumbo sikuambiwa. Nilipoyasikia, mikono yangu iliingia baridi. Nilimkumbuka mama mkwe akinichagulia kanga za kujifungulia, na mimi nikihesabu siku kwa furaha. Hapakuwa na adui katika jambo lile. Palikuwa na watu wapendanao, na karatasi moja iliyolala ghalani.

Daktari hakuniamrisha, alinieleza, akaniacha nifikiri. Niliswali istikhara tena, na safari hii nilikuwa na jambo la kuliombea. Tulihamia Mombasa kwa jamaa zetu mapema, kabla mimba haijakomaa. Kipimo cha altrasaundi kilionyesha kondo limekaa juu, mbali na makovu, tukamshukuru Mungu. Wadogo zangu wawili walitoa damu. Katika wiki ya 37, kabla uchungu haujanijia, nikapasuliwa, akazaliwa binti yangu.

Pengine utapenda kuniuliza: je, lile kovu lingestahimili? Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Sikuoneshwa muujiza wowote. Niliambiwa tu kuwa viungo vilikuwa vimeshikamana, na kwamba ingekuwa kheri niishie hapo. Wale watoto sita wakawa watatu. Nililia kwa hilo, na siku nyingine hulikumbuka hata leo. Ninayekuandikia si mtu aliyepata kila alichokitaka.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya wifi yangu. Yeye alikuwa amepasuliwa mara moja, kwa sababu mtoto alitanguliza makalio, na ilikwisha kupita miaka minne. Safari hii karatasi ilitafutwa kwanza. Mkato ulikuwa wa chini, wa upana, safi. Mtoto wa sasa alitanguliza kichwa. Akavuka Lamu wiki tatu kabla ya siku zake, akakaa hatua chache na hospitali. Uchungu ulipomjia wenyewe, wauguzi walikaa naye wakisikiliza moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Alizaa kwa njia ya kawaida, mtoto wa kiume.

Aliporudi, mama mkwe kwa furaha yake akasema mbele yangu, "Unaona? Mwenzio kaweza." Kabla sijainamisha kichwa, wifi akamjibu, "Mamangu, sisi hatukushonwa uzi mmoja." Mama mkwe alinitazama, kisha akaja kuketi karibu yangu akampakata binti yangu. Tangu siku hiyo sikulisikia tena neno la kisu kinywani mwake.

Ndugu msomaji, wako wasemao kuwa kupasuliwa ni mambo ya Kizungu. Mwaka 1879 mganga wa Kiingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, katika nchi ya Uganda ya leo, waganga wa Kiafrika wakimpasua mama, wakamtoa mtoto hai, na mama akapona. Wako pia wasemao kuwa aliyepasuliwa hakuzaa. Huyo naye ana nifasi yake, ana arubaini yake, na mwanawe humwita mama. Anayemcheka amcheke kwa lipi?

Basi ewe dada, ukipasuliwa, kabla hujatoka hospitali uliza: ndani nimekatwa vipi, kwa nini, na mimba ijayo nifanyeje? Omba yaandikwe, uiweke karatasi hiyo pamoja na cheti chako cha ndoa. Ukishika mimba nyingine, nenda nayo kliniki siku ya kwanza. Jitahidi usishike mimba upesi. Kuzaa kabla haijatimia kiasi cha mwaka mmoja na nusu tangu upasuaji huzidisha hatari ya kovu kufumuka. Wala usinywe dawa yoyote ya kuchochea uchungu, ya mizizi wala ya kidonge, aliyokupa jirani. Ukijaribu njia ya kawaida, jaribu penye daktari, damu na chumba cha upasuaji. Ukiwa na uchungu, likikuuma kovu pasipo kukoma, au ukitokwa na damu, sema papo hapo.

Nawe ewe baba, siku ya kutia sahihi siyo siku ya kuanza kuuliza. Kaa na mkeo mapema, mpange nauli, chombo na mahali pa kufikia. Msikilize anachokitaka, kwani tumbo ni lake. Ikihitajika kufungua makasha, yafungue.

Bibi mkunga wetu amekwisha kufariki. Katika mikono yake walipita watoto wengi wa kisiwa chetu. Binti yangu hakupita, lakini kila nikimwombea dua bibi yule, humwombea kama aliyemzalisha, kwani ni yeye aliyekuwa na ujasiri wa kusema, "Hapa mkono wangu haufiki."

Mwenyezi Mungu awavushe salama wajawazito wetu wote. Amin.